Fundi wa gemu anayerudisha jina la mama Régine

Saa kumi na mbili asubuhi umeme umerudi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Rosa Kiden anawasha gemu ambayo hataicheza.

Yuko kwenye kibanda chake nyuma ya soko, kitenge mabegani kwa sababu ya baridi, chai ya tangawizi ikipoa pembeni. Mkononi ameshika mashine ya gemu yenye ukubwa wa kiganja. Skrini inawaka, muziki wa kitoto unalia, jina linatokea. Rosa analinakili kwenye daftari la mistari, alama moja baada ya nyingine, kisha anazima.

"Ya leo ni ya Kijapani," anasema, akigeuza daftari ili lionekane. "Mimi hiyo sijui kusoma. Nachora tu vile iko."

Alichochora kinafanana na vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Ni jina la mtu aliyetengeneza gemu hiyo miaka thelathini iliyopita, au pengine ni la kampuni. Rosa hana hakika. Pembeni yake anaandika namba 18. Halafu anapiga mwayo mrefu, anaomba radhi, na anapiga mwingine.

Rosa ana umri wa miaka 39. Ni mzaliwa wa Koboko, mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akitengeneza redio, simu, na hizi mashine ndogo za gemu ambazo siku hizi utazikuta kila mahali Arua: kwa waendesha boda wanaosubiri abiria, kwa wauza nyanya, hata kwa mlinzi wa benki akidhani hakuna anayemwona. Amechoka. Hilo atakuambia mwenyewe kabla hujauliza.

"Kazi iko mingi, mikono iko mbili," anasema. "Na macho hii imeanza kukataa."

Juu ya kazi hiyo, tangu mwezi wa tatu amejitwisha nyingine isiyomlipa hata shilingi. Anazifuata kadi arobaini na tatu alizowauzia watu, moja moja, mlango kwa mlango, ili arudishe ndani yake jina la mwanamke mmoja marehemu ambaye hakuwahi kumwona. Ameshazipata arobaini na mbili. Iliyobaki iko Koboko, na leo ni Jumamosi.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anafanya hivyo, itabidi uanzie kwenye plasta.

Baba yake Rosa alikuwa fundi wa redio za jeshi. Vita vilipoisukuma familia kuvuka kwenda Kongo, alivuka na koleo, bisibisi na chuma chake cha kulehemu, akawa anatengeneza redio za watu chini ya turubai. Hakuwa na stoo wala kufuli. Alikuwa na plasta, ile nyeupe ya hospitali. Kila redio iliyoingia mikononi mwake aliibandikia kipande na kuandika jina la mwenyewe kabla hajagusa skrubu hata moja.

"Alikuwa anasema, kitu bila jina, hata mwizi anaweza kuapa ni yake," Rosa anakumbuka. "Ukisahau kuweka plasta, siku hiyo hakusemeshi. Bora angekupiga."

Rosa alijifunza kulehemu kwa baba huyo akiwa na miaka kumi na mbili. Mpaka leo hakuna kitu kinacholala kibandani kwake bila plasta. Na si jina la mteja tu: kila mashine aliyoiuza au kuitengeneza ameiandikia mgongoni jina la mwenyewe upande mmoja na "Rosa, Arua" upande wa pili, na akaandika tena kwenye daftari. Wenzake humcheka kwamba anaendesha wodi ya wazazi, kila kichanga na jina mkononi.

Gemu ziliingia kwake polepole. Mwalimu mmoja wa Ombaci alimletea mashine ya zamani na kaseti yake, aliyokaa nayo tangu akiwa mwanafunzi. Kaseti zile zina betri ndogo ndani. Betri ikifa, kila alichokifanya mchezaji kinafutika, na betri ya mwalimu ilikuwa inakata roho. Mashine yenyewe haitengenezwi tena, na gemu yenyewe hakuna duka linaloiuza, hapa wala ng'ambo. Rosa alihangaika wiki nzima mpaka akaitoa gemu kwenye kaseti, safari ya mwalimu, yaani pale alipofikia mchezoni, ikiwa nzima ndani yake, na kuihamishia kwenye mashine mpya ya bei ndogo.

Kinachowezesha hilo ni programu ambayo mafundi wa hapa huiita emuleta. Inaifanya mashine mpya ijifanye ile ya zamani. Rosa ana namna yake ya kuieleza.

"Iko kama mutu wa Koboko anajua Kilingala," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Mwili ni ya hapa, mudomo ni ya kule. Gemu ya zamani ikimusikia inasema, aa, kumbe huyu ni wa kwetu! Inafungua mlango."

Yule mwalimu alipoiona safari yake iko palepale alipoiacha, alikaa kwenye benchi la kibanda akacheza saa mbili bila kuomba hata maji. Rosa anasema hiyo ndiyo siku aliyoipenda kazi hii. Kama angeishia hapo kwenye kaseti za watu, kila mmoja na yake mkononi, makala haya yasingekuwepo.

Lakini watu wenye kaseti Arua nzima hawajazi hata benchi moja. Waliobaki walitaka kadi: kile kipande kidogo kuliko ukucha, kilichojazwa gemu elfu tatu, kwa shilingi elfu kumi na tano. Ada za shule hazingoji. Rosa akaanza kuuza kadi.

Zinavyojazwa ni hivi. Kuna kadi mama, ambayo hununuliwa imeshajaa kwenye soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Fundi anaichomeka upande mmoja, kadi tupu upande wa pili, anasubiri umeme, kisha anamwaga. Ndiyo neno lao, kumwaga. Umeme ukija asubuhi unamwaga kadi nzima bila kuangalia kilichomo, maana ukianza kufungua gemu moja moja utakatiwa katikati, kadi itaharibika, na mteja atavuka barabara kwenda kwa jirani. Hakuna fundi Arua aliyewahi kufungua kadi mama yake yote. Ni sawa na kuhesabu punje za mtama gunia zima.

"Hizo kampuni za kule mbali, mimi nilikuwa nasema hawanijui, mimi siwajui," Rosa anasema. "Gemu yenyewe hawauzi tena. Mutoto wa Aroi atanunua wapi? Mimi nikaona sijaiba. Nimeokota."

Basi, mwezi wa tatu, aliyeokotewa chake akaja mlangoni.

Anaitwa Anicet, kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Ariwara, anayefundisha kompyuta kwa vijana hapa Arua. Alikuja na mashine aliyoazima kwa jirani yake. Aliigeuza, akamwonyesha Rosa plasta mgongoni, akauliza kwa adabu, "Mama, hii maandiko ni ya kwako?"

Rosa alisema ndiyo. Anicet akaiwasha, akashuka kwenye orodha ndefu ya gemu, akafungua moja, akampa aitazame.

Mle ndani palikuwa na mwanamke amebeba dumu la mafuta ya mawese kichwani. Kazi ya mchezaji ni kumvusha kutoka soko moja hadi jingine bila kumwaga: mvua inanyesha, daraja linateleza, mbwa wanatoka kwenye boma, askari wa kizuizi wanamsimamisha. Ukibonyeza kushoto kupita kiasi dumu linalala kushoto. Kwenye kibanda cha chai anapumzika, na hapo gemu yenyewe inatunza safari mpaka hapo ilipofika. Ni gemu ndogo, ngumu, na mwandishi wa makala haya amemwaga mawese mara kumi na moja kabla ya kuvuka daraja la kwanza.

Aliitengeneza Anicet. Ilimchukua miaka miwili, kwenye kompyuta ya kuazima, na aliitengeneza kwa makusudi iendane na mashine za zamani kwa sababu ndizo ambazo watu wa huku wanaweza kuzimudu. Alikuwa amewauzia watu kumi na mmoja tu. Mmoja wao, hajui yupi, aliifikisha Ariwara, na huko ikaingia kwenye kadi mama.

Yule mwanamke ni mama yake. Aliitwa Régine. Alibeba mawese miaka kumi na sita ili Anicet asome, na alifariki gemu ikiwa bado nusu. Kwa hiyo Anicet aliweka picha yake kwenye skrini ya kwanza kabisa, na chini yake maneno haya: "Kwa mama Régine wa Ariwara, aliyebeba mpaka mimi nikasoma. Mwanao, Anicet."

Kwenye kadi ya Rosa skrini hiyo haikuwepo. Mtu alikuwa ameikata. Mahali pake paliwekwa namba ya simu ya muuza kadi.

"Kuibiwa gemu, nilijua itaibiwa," Anicet anasema kwa Kiswahili chake cha Kongo tunapozungumza naye kwa simu. "Hata mimi nilijifunza na gemu za kuiba, siwezi kudanganya. Lakini balitoa mama yangu. Baliweka namba ya simu mahali ya mama."

Rosa anakumbuka alivyofungua mdomo kusema si mimi. Na kweli si yeye aliyekata.

"Nilikuwa nimeshaanza, 'Si mi...' Halafu nikaona maandiko yangu kwenye plasta," anasema. "Baba yangu angekuwa hai, mwezi mzima asingenisemesha. Nimeandika majina ya wenye mashine wote. Mwenye gemu, sikuuliza hata siku moja iko nani."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Rosa hakuitaka. Alimuuliza Anicet anadai kiasi gani.

"Sitaki feza, mama," Anicet alimjibu. "Gemu bacheze tu, imeshatoka. Nataka yeye arudi pale alikuwa."

Akaacha nakala sahihi na akaondoka. Rosa anasema angetukanwa angelala vizuri zaidi.

Daftari la plasta ndilo lililofanya kazi hiyo iwezekane, na ndilo lililofanya isiwe na kisingizio. Kadi zilizomwagwa kutoka kwenye kadi mama ile zilikuwa arobaini na tatu, na kila moja ilikuwa na jina la aliyeinunua na anapokaa. Arua mjini. Ayivu. Ombaci. Aroi. Koboko.

Mume wake, Andama, ambaye ni mkulima wa muhogo huko Ayivu, alisikiliza mpango mzima huku akimenya, halafu akauliza, "Mama Concy, kwani sasa wewe ni polisi wa gemu?" Concy ni binti yao mkubwa. Hata hivyo Andama ndiye aliyempa baiskeli, na ndiye aliyepika Jumamosi zote hizi. Kuhusu mapishi yenyewe Rosa ameomba tusiandike.

Kwa watu ilikuwa taabu. Wengine walidhani ni ujanja wa kuwatoza mara ya pili. Mama mmoja wa Aroi alimfukuza na mwiko. Kijana wa boda alikubali kutoa kadi kwa sharti aongezewe gemu tano za mpira za mwaka huu, zinazouzwa bado madukani. Rosa akakataa, wakakaa wanatazamana hadi kijana akachoka. Aliyemuuma zaidi ni mteja wa miaka mingi aliyesikia habari yote, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe Rosa naye mwizi," na hajarudi tena kibandani.

"Alisema kweli," Rosa anasema. "Lakini kweli nayo inauma."

Kipato chake kimeanguka. Zamani aliuza kadi kumi kwa wiki. Sasa tatu, wiki nyingine mbili. Hamwagi tena. Anaweka gemu alizozifungua kwa mkono wake, za zamani zisizouzwa popote, na mteja akitaka gemu mpya anamwambia akanunue. Wengi wanavuka barabara kwenda kwa Chrispin.

Chrispin ni jirani yake wa mkabala, Mkongo mchangamfu mwenye gemu elfu kumi kwenye kadi moja, na hana siri. "Dada Rosa anajitesa bure," anasema. "Mimi nikiacha, watu wataacha kucheza? Na huyo Anicet, bila kadi, nani angejua mama yake alibeba mawese? Watu kumi na moja! Sasa Arua yote inajua."

"Inajua dumu," Rosa anamjibu kutoka ng'ambo ya barabara, bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Mama haimujui."

Chrispin anacheka, anasema haya bwana, na anamtumia soda. Hawa wawili si maadui. Mmoja amechoka, mwingine bado.

Koboko iko zaidi ya kilomita hamsini kutoka Arua, na Rosa anafika saa tano kwa basi, mwandishi akiwa naye, vumbi hadi kwenye nyusi. Kadi ya mwisho iko kwa Mzee Soro, sajenti mstaafu wa miaka 60, ambaye binti yake alimnunulia mashine baada ya kiharusi kumdhoofisha mkono wa kulia. Kubonyeza ndilo zoezi lake. Rosa ameshakuja mara mbili, na mara zote mbili amerudishwa mlangoni kabla hajamaliza kueleza.

"Salamu aleikum, Afande," anabisha.

"Aleikum salaam. Wewe tena?" Mzee Soro yuko barazani, mashine mapajani. "Nilikuambia jibu. Jibu ya askari haibadiliki."

Hata hivyo anamkaribisha. Binti analeta viti na chai. Rosa anaeleza tena, kwa sauti ya mtu aliyekwishaeleza mara arobaini na mbili: kuna gemu mle ndani iliyokatwa jina, anaomba airekebishe, haitachukua dakika kumi.

"Gemu gani?"

"Ile ya mama na dumu, Afande."

Mzee Soro anaifunika mashine kwa mkono wake mzima. Kumbe katika gemu elfu tatu, hiyo ndiyo pekee anayocheza.

"Hiyo ni mama yangu," anasema.

Anaeleza kwa kusitasita, kwa sababu ulimi nao uliguswa na kiharusi. Alikuwa na miaka kumi na nne walipokimbilia Kongo. Mama yake, Hawa Keji, alitembea mbele na mzigo kichwani siku tatu, mvua, madaraja, vizuizi, na yeye nyuma akitazama ule mzigo usianguke. Mama alifia huko ukimbizini. Kaburi halikuwekwa jiwe wala jina, na aliporudi kulitafuta miaka ya baadaye alikuta shamba la mihogo.

"Binti aliponiletea hii kitu, nikafungua, nikaona mama anatembea. Hana jina. Nikasema, basi huyu ni Keji. Kila siku mimi namuvusha." Anamtazama Rosa. "Sasa wewe nakuja chukua mama yangu?"

Rosa anatazama kikombe chake cha chai. Mwandishi aliyekuja na kalamu yake naye anatazama chini. Kwenye kadi zote arobaini na mbili hapakuwa na swali kama hilo.

Baadaye Rosa atasema hapo ndipo alipotaka kuondoka. Arobaini na mbili zinatosha, nani angemlaumu? Badala yake anasema polepole, "Afande, mimi siwezi kudanganya. Huyu iko na jina. Mutoto yake iko Arua, naye anamutafuta."

"Mutoto yake mzima?"

"Mzima. Alimutengeneza yeye mwenyewe, miaka mbili, ili asipotee."

Mzee Soro anabonyeza kitu, mashine inalia, anazima. Anawasha tena. Chai inapoa. Kuku wawili wanapita katikati ya viti na hakuna anayewafukuza.

"Kila mama iko na jina yake," anasema hatimaye. "Nikimuchukulia huyu kijana jina ya mama yake, mimi niko tofauti gani na ile mihogo? Weka."

Lakini kuna tatizo, na Rosa analiona mara anapoichukua mashine. Mzee alikuwa akisimamisha safari kwa kitufe cha emuleta, popote alipochokea, si pale gemu inapotunza yenyewe. Safari iliyosimamishwa hivyo imefungamana na ile nakala iliyokatwa. Ukiibadilisha nakala, safari itakufa. Na Mzee Soro yuko mbali sana, mbali kuliko mtu yeyote ambaye Rosa amemwona, amebakiza daraja moja afike kibanda cha chai cha mwisho. Miezi minne ya mkono unaotetemeka iko hapo.

"Vuka daraja, Afande," Rosa anamwambia. "Fika pale kwa chai. Pale gemu itatunza yenyewe, na mimi nitahamisha salama. Mimi nasubiri."

"Nisaidie wewe."

"Mimi sijawahi kupita hata daraja ya pili."

Basi wanakaa. Mzee anavuka, anateleza, mawese yanamwagika, anarudi mwanzo wa daraja. Anavuka tena. Kidole gumba cha kulia kinakataa, anakipiga kofi kama mbuzi mkaidi, anatumia cha kushoto. Binti anapika. Wanakula ugali wa muhogo na maharage. Mzee anavuka. Mawese yanamwagika. Adhana ya adhuhuri inapita, ya alasiri inapita, mara zote mbili anaweka mashine chini, anaswali, anarudi. Rosa amesinzia kwenye kiti, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo.

Saa kumi na nusu Mzee Soro anasema kwa sauti ndogo, "Ameketi."

Rosa anazinduka. Kwenye skrini yule mwanamke ameketi mbele ya kibanda cha chai, dumu liko chini kando yake, halijamwagika.

"Afande!" Rosa anapiga makofi. "Wewe ni mutu!"

Anachomoa kadi kwa kucha, anaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo, anaweka nakala ya Anicet, anahamisha safari, anarudisha. Dakika nane. Anamrudishia awashe mwenyewe.

Sura ya Mama Régine inatokea, yenye miraba miraba, kilemba kichwani. Mzee Soro anasoma maneno ya chini kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya kioo. Anafika kwenye "aliyebeba mpaka mimi nikasoma" na anarudia. Kisha anabonyeza, na mwanamke yuko palepale kwenye kibanda cha chai.

"Régine," anasema. "Karibu. Umepumzika?"

Anafuta macho bila kujificha. Halafu anaigeuza mashine, anatazama ile plasta iliyoandikwa jina lake, imechakaa pembeni.

"Hii plasta yako bado iko?"

Rosa anatoa kibunda mfukoni.

"Kata ingine. Andika Hawa Keji. Yeye akae hapa nyuma, huyu akae mbele. Watatembea wawili."

Rosa anakata, anaandika kwa herufi kubwa, anabandika, na anaipapasa kwa kidole gumba mpaka ishike vizuri, kama alivyofundishwa.

Njiani kurudi anampigia Anicet. "Arobaini na tatu," anamwambia. Kule upande wa pili sauti inasema, "Aksanti, mama," na simu inakatika, mtandao au kitu kingine.

Anicet ameanza gemu ya pili. Wamekubaliana iuzwe kwenye kibanda cha Rosa, na kila nakala itaandikwa daftarini. Yeyote anayetengeneza gemu hapa West Nile, Rosa anasema, aje. Ataiweka mbele, peke yake, na jina lake juu. Rosa mwenyewe akipata uwezo atanunua betri ya jua ili aache kukimbizana na umeme, maana haraka ile ndiyo iliyomponza.

Mwandishi anamuuliza swali alilolibeba tangu asubuhi. Kadi ile ina gemu elfu tatu. Amerudisha jina moja. Na zile nyingine?

Rosa anafumba macho. Kwa muda inaonekana amelala tena.

"Hata wale wa mbali, wako na mama," anasema.

Ndiyo sababu ya daftari la asubuhi. Kila siku, kabla ya mteja wa kwanza, gemu moja: anaifungua, anatazama skrini ya kwanza, anaandika jina la aliyeitengeneza, hata asipoweza kulisoma. Iliyokatwa jina anaitia alama nyekundu na kuitoa. Hajui bado atafanya nini na majina hayo. Kwa sasa anataka tu, mtu akimuuliza hii ni ya nani, awe na jibu.

Gemu moja kwa siku, gemu elfu tatu. Ukipiga hesabu ni zaidi ya miaka minane. Rosa atakuwa na miaka 47. Anaambiwa hivyo na haonekani kushtuka. Anapiga mwayo tu, anafunua mkoba, na kulitazama daftari la mistari, jembamba, la kurasa tisini na sita.

"Hii itaisha mapema," anasema. "Nitanunua ingine."